Saa za Dansi: Afrigo Band na Usiku wa Kampala

Vitabu vingi vya historia ya Uganda hutuhesabia miaka kwa marais: Obote, Amin, Obote tena, Museveni. Katika insha hii nataka kutumia kipimo kingine, yaani saa ambayo watu wa Kampala waliweza kwenda kusikiliza bendi na kurudi nyumbani salama. Bendi yenyewe ni Afrigo, ambayo nimekuwa mpenzi wake kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Mahali ninapotazamia ni Mulago, kilima cha hospitali, nilikozaliwa na ninakoishi mpaka leo.

Afrigo ilianzishwa mwaka 1975. Kiongozi wake, Moses Matovu, mpiga saksafoni na mwimbaji, alikuwa ametoka Cranes Band, iliyovuma tangu miaka ya 1960. Wakati huo jiji lilikuwa na kumbi za dansi zenye sifa, kama Suzana kule Nakulabye na White Nile kule Katwe. Hospitali mpya ya Mulago ilifunguliwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Wazee wa mtaani kwetu husimulia kwamba wafanyakazi vijana waliomaliza zamu ya jioni waliteremka Wandegeya, wakatembea kwa miguu hadi Nakulabye, wakacheza mpaka usiku wa manane.

Lakini Afrigo haikuzaliwa katika usiku huo wa raha. Mwaka 1975 Idi Amin alikuwa madarakani, na Waasia walikuwa wamefukuzwa miaka mitatu kabla, hata bidhaa za kawaida zikaadimika madukani. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, ila kwa wazazi wetu wengi kilibaki kuwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Marehemu mama yangu, aliyekuwa muuguzi, alisema neno la kwanza la Kiswahili alilolijua lilikuwa "Simama!" Aliyekwenda dansini alijua atalisikia mara mbili, akienda na akirudi.

Amin aliangushwa Aprili 1979, lakini usiku haukutulia. Palikuwa na kafyu, na milio ya risasi ikawa jambo la kawaida. Mama alisema dansi ilihamia mchana: watu walicheza alasiri, kisha wakakimbilia nyumbani kabla ya giza. Wengine walijifungia ukumbini mpaka alfajiri, kwa sababu ilikuwa salama zaidi kucheza usiku kucha kuliko kutoka nje saa sita. Wauguzi wa zamu ya usiku waliielewa hesabu hiyo kuliko mtu yeyote, maana waliokutwa njiani ndio walioletwa kwao.

Jeshi la Museveni liliingia Kampala Januari 1986. Usiku ulirudi polepole, na mimi niliukuta umekwisha kurudi. Jumamosi nyingi nilikwenda Club Obligatto, barabara ya Old Portbell. Bendi ilianza taratibu, bila haraka. Matovu alipiga saksafoni, Joanita Kawalya akaimba, na Rachael Magoola alipoanza "Obangaina" hakuna aliyebaki kitini. Niliwatazama sana wazee waliokuja wawili wawili, mke na mume, wakicheza bila kuangalia saa. Nilirudi Mulago saa tisa usiku kwa bodaboda, nikanunua chai kwa mama aliyewauzia wafanyakazi wa zamu karibu na lango la hospitali. Sikuliona jambo hilo kuwa la ajabu. Mama yangu aliliona.

Machi 2020 kumbi zilifungwa kwa sababu ya korona, na kafyu ikarudi. Hospitali ya Mulago ikawa mojawapo ya vituo vikuu vya kuwatibu wagonjwa. Maonyesho ya usiku yalikaa bila ruhusa mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili. Mwanamuziki wa bendi hula kwa onyesho: asipopanda jukwaani, halipwi. Kwa watu wa rika langu kufungwa kwa usiku kulikuwa jambo jipya. Kwa Matovu halikuwa jipya.

Mwenzangu mmoja darasani aliniuliza kwa nini nisichunguze maneno ya nyimbo badala ya saa za maonyesho. Swali lake ni zuri. Lakini nyimbo nyingi za Afrigo ni za mapenzi na maisha ya nyumbani. Anayezisoma peke yake anaweza kudhani Kampala ya zamani haikujua hofu. Wimbo hutuambia bendi ilitaka kusema nini, na saa ya onyesho hutuambia jiji liliruhusu nini. Mwanahistoria anahitaji yote mawili.

Mwaka 2025 Afrigo ilitimiza miaka 50. Nyimbo zake zimehifadhiwa katika kanda na redioni, lakini saa zake zimehifadhiwa vichwani mwa watu tu, na watu hao wanazeeka. Sisi wanafunzi tuna kalamu, na Kiswahili chetu hakimtishi tena mtu usiku. Tukikutana na mzee aliyecheza dansi miaka ile, tumuulize walipiga wimbo gani, halafu tumuulize alifika nyumbani saa ngapi, na kwa njia ipi.