Sindano, tyubu na cheti cha ngozi

Wadau, baridi ya Iringa inatulaza watu watatu kwenye blanketi moja, na upele hupenda hapo hapo. Ukikaa kidogo kwenye benchi la wagonjwa wa nje utasikia maneno haya: "Daktari mwenyewe hata sindano hakunichoma, kanipa dawa ya kupaka tu." Hiyo "tu" ina historia yake.

Jengo la Boma pale mjini, ambalo tangu 2016 ni makumbusho, lilijengwa na Wajerumani kama hospitali. Lakini si jengo lililowavuta watu wengi wa Tanganyika kwenye tiba ya kizungu. Ni sindano ya buba.

Buba ni ugonjwa wa vidonda vya ngozi, na usipotibiwa huharibu hadi mifupa. Miaka ya 1920, chini ya Waingereza, zilitumika sindano za bismathi, zilizokuwa za bei nafuu kuliko zile za aseniki. Vidonda vilikauka upesi, habari zikaenea, watu wakazifuata kwa miguu. Baadaye ikaja penisilini. Kati ya 1952 na 1964, kampeni za WHO na UNICEF dhidi ya buba na magonjwa ya jamii yake zilitibu watu kama milioni 50 katika nchi 46. Sindano moja, umepona! Bibi na babu zetu wakatuachia somo: dawa ya ngozi ni sindano.

Shida ni kwamba upele huletwa na mdudu, na mba ni fangasi. Vyote viwili havijali penisilini. Upele unataka BBE, ipakwe mwili mzima kuanzia shingoni, na nyumba nzima ipakwe siku moja. Mba inataka dawa kama mafuta ya Whitfield. Dawa hizi mbili zimo kwenye orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya WHO, ya mwaka 1977. Ni za bei ndogo, na labda ndiyo maana tunazidharau.

Siku hizi sindano imepata mrithi: tyubu ya krimu yenye steroidi. Inatuliza mwasho haraka, mgonjwa anafurahi. Kumbe ikipakwa kwenye mba, wekundu unafifia juu huku fangasi wanatambaa chini. Tyubu hizo hizo ndizo zinazoishia kwenye mkorogo.

Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kimewafundisha matabibu tangu 1992. Lakini mtaalamu naye ana foleni ndefu mlangoni, na mgonjwa anayedai sindano ni mgumu kumkatalia. Cheti huandikwa na watu wawili, jamani: aliyeshika kalamu na anayelalamika mbele yake.

Kwa hiyo ukipewa chupa ya BBE usinune. Uliza swali moja tu: na wa nyumbani wapakwe lini?