Ndege aliyepewa jina kutoka kwenye picha

Kila nikiwaonyesha wenzangu kazini picha yake, jibu ni lile lile: si huyo ni chozi tu? Hapana. Chozi ni wetu. Ndege wavumaji wapo Amerika peke yake. Na huyu, Lophornis ornatus, ni mdogo hata miongoni mwao: sentimita saba hivi, gramu mbili na kitu. Anaishi Trinidad, na kutoka mashariki mwa Venezuela hadi kaskazini mwa Brazili, kwenye misitu yenye unyevu na kingo zake. Dume ana kishungi chekundu na manyoya marefu shingoni yenye madoa ya kijani, utafikiri anakwenda harusini. Akiruka unaweza kudhani ni nyuki, na kwa kufanana huko huiba nekta kwenye maua yanayolindwa na wavumaji wakubwa.

Kilichonivuta mimi ni jina lake. Paris ya karne ya 18 ilichapisha picha za rangi zaidi ya 1,000 kuambatana na kazi ya Buffon juu ya ndege, na huyu wetu alikuwemo, akitambulishwa kama ndege wa Cayenne. Buffon hakuyataka majina ya Kilatini ya Linnaeus, akatumia ya Kifaransa, basi. Mwaka 1783 daktari Mholanzi, Pieter Boddaert, akazipitia picha zile na kuzipa majina ya Kilatini. Kijitabu chake kilichapwa nakala 50 hivi. Hamsini! Lakini kwa wanasayansi jina la kwanza ndilo hubaki, na ornatus, yaani “aliyepambwa”, limebaki.

Boddaert alikuwa na karatasi mbele yake. Mtu mwingine ndiye aliyeingia porini, akamkamata ndege wa gramu mbili bila kumharibu manyoya. Cayenne ya wakati huo ilikuwa koloni ambalo wakazi wake wengi walikuwa watumwa. Picha ilitaja mji tu.

Mwaka 1851, London, John Gould aliwaonyesha wavumaji waliokaushwa katika bustani ya wanyama. Watu zaidi ya 75,000 wakalipa kuingia. Yeye mwenyewe alikuja kumwona mvumaji hai mwaka 1857, alipokwenda Marekani.

Siwacheki. Nami nimeandika haya yote nikimtazama kwenye simu, na nje ya dirisha chozi anapiga kelele kwenye mgomba wa jirani.