Nyumba ya Girigani: Jumba Moja la Taveta na Wakazi Wake

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta hupita Mwatate na Bura, akafika Maktau, kisha akaikata nyika ya Tsavo Magharibi. Kabla ya kuingia mjini Taveta hukiona kilima kilichosimama peke yake juu ya uwanda, na juu ya kilima hicho jumba kubwa. Aliyesimama kibarazani pa jumba hilo huiona Kilimanjaro, milima ya Upare na Ziwa Jipe, na chini yake huona mashamba. Vitabu vya Kiingereza hupaita hapo kasri la Grogan. Jina lisikikalo pande hizo ni Girigani.

Historia ya jumba hili imesimuliwa mara nyingi kama sura moja katika maisha ya mtu mmoja, Ewart Scott Grogan, aliyelijenga katika miaka ya 1930. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yamepunguka. Nyumba kubwa huwa na wakazi wa namna mbili: wale waliolala vyumbani mwake, na wale ambao kazi yao ndiyo iliyoiwezesha kusimama. Wa kwanza wameandikwa. Wa pili wameacha alama katika msamiati na katika majina ya mahali, na kwa hiyo mwanafunzi wa lugha ana sababu ya kuisogelea habari hii ambayo kwa kawaida angewaachia wanahistoria.

Yafaa kwanza iondolewe dhana kwamba Grogan alifika mahali palipokuwa patupu. Taveta, katika msitu wa mto Lumi, ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara iliyotoka pwani kwenda Uchagani na Umasaini. Joseph Thomson alipumzika huko mwaka 1883 pamoja na wapagazi wake. Wamisionari wa CMS walifuata, na mwaka 1895 matbaa yao ilianza kutoa jarida lililoitwa Taveta Chronicle. Mwaka 1901 Claud Hollis, aliyekuwa mtawala wa mahali hapo, alichapisha maelezo yake juu ya historia na mila za Wataveta, akieleza jinsi jamii hiyo ilivyofanyika kwa watu wa asili mbalimbali waliokimbilia ndani ya msitu wakapata salama. Basi miaka 30 na zaidi kabla ya jiwe la kwanza la jumba kuwekwa, Taveta ilikuwa na matbaa na jarida, na desturi zake zilikwisha kuandikwa.

Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyoibadili nchi hii. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti 1914, na Waingereza wakajenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi ili kuirudisha. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini, waliokuwa wageni katika vita hivyo, walikishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa na jeshi la Wajerumani, ambalo wengi wa askari wake walikuwa Waafrika. Mwezi uliofuata, baada ya mapigano ya Latema na Reata, Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza. Reli ikaungana na ile ya Moshi, na ardhi ambayo zamani ilikuwa mbali na bandari sasa ikawa na njia ya kupeleka mazao Mombasa.

Hapa hapana budi kusimama kidogo kwenye jina la Salaita. Huelezwa mara kwa mara kwamba neno hilo limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya machinjo, kwa sababu ya damu iliyomwagika siku ile. Maelezo hayo yanavutia, lakini hayawezi kusimama: Waingereza walikuwa wakikiita kilima hicho Salaita kabla ya kukishambulia, na Wajerumani nao walikuwa na jina lao, Oldorobo. Jina lilitangulia, maana ikaja baadaye. Hata hivyo etimolojia ya namna hii si ya kutupwa. Haituambii jina lilitoka wapi. Inatuambia wasemaji waliamua likumbushe nini.

Grogan mwenyewe alizaliwa Uingereza mwaka 1874. Alipata sifa kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, iliyomalizika mwaka 1900, na ambayo aliifanya, kwa jinsi isimuliwavyo, ili kuwaridhisha watu wa Gertrude Watt, mwanamke aliyetaka kumwoa. Akaingia Kenya katika miaka ya mwanzo ya ukoloni, akajipatia ardhi, misitu na viwanja. Mwezi Machi 1907, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, kwa madai kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa wakiwavuta kwa rikisho. Alifungwa kwa muda mfupi, na kosa aliloshtakiwa nalo lilikuwa mkusanyiko usio halali. Katika mashtaka hayo viboko vyenyewe havikuwa jambo kubwa. Aisomaye habari ya jumba la Taveta bila kuikumbuka habari hiyo atastaajabia mandhari tu.

Baina ya vita viwili vikuu Grogan alipata eneo kubwa mno la ardhi pande za Taveta, katika Jipe na Ziwani, akapanda mkonge. Maji ya chemchemi yaliyoteremka kutoka upande wa Kilimanjaro yakaelekezwa kwa mifereji kwenye ardhi kavu. Kazi hiyo ya maji ilikuwa na manufaa ya kweli, na mfereji umeendelea kuhesabiwa miongoni mwa rasilimali za wilaya. Lakini jumba lilikuja katika mwongo ambao bei ya mkonge ilikuwa imeanguka pamoja na bei za mazao mengine yote ya dunia. Neema ilikuja baadaye, Wajapani walipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, na nchi zilizopigana nao zikakosa katani ya Manila. Kwa hiyo jumba la Girigani halikujengwa kwa faida iliyokwisha kupatikana ila kwa yakini ya mtu aliyeamini kwamba ardhi ile ilikuwa yake milele.

Yakini hiyo ilikuwa na msingi wake katika sheria. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1915 ilimfanya Mwafrika kuwa mpangaji tu katika nchi ya babu zake. Sheria ya kipande, iliyopitishwa mwaka huo huo na kutekelezwa vita vilipokwisha, ilimlazimisha mwanamume kuvaa shingoni maandishi ya kumtambulisha na kuonyesha ameajiriwa na nani. Wataita hawakukaa kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1930 waliunda Chama cha Milima ya Taita, Taita Hills Association, kupinga kunyang'anywa ardhi na kuhamishwa. Mwezi Mei 1940 serikali ilikipiga marufuku pamoja na chama cha Wakikuyu, KCA, na kile cha Wakamba, na viongozi wake wakakamatwa. Katika miaka hiyo hiyo jumba lilikuwa jipya, na taa zake bila shaka zilionekana mbali.

Kuhusu jumba lenyewe, neno litumikalo kulitaja linastahili kuangaliwa. Kiingereza huliita kwa neno ambalo Kiswahili hulifasiri kwa kasri au ngome. Kasri ni Kiarabu, lakini Waarabu walilipokea kutoka Kilatini, katika mzizi ule ule uliozaa neno la Kiingereza, hata maneno haya mawili yakikutana Taveta ni kama ndugu wa baba mmoja waliopoteana. Mswahili wa pwani asikiapo kasri hufikiri makao ya mfalme, na asikiapo ngome hufikiri Mombasa na mizinga ya Wareno. Jumba la Girigani si makao ya mfalme wala halikupata kuwa na mizinga. Ni nyumba ya mwenye shamba iliyowekwa juu ya kilima ili mwenyewe aone na aonekane. Neno jumba, ambalo ni nyumba iliyokuzwa kwa kubadilishwa ngeli, linalifaa zaidi, kwa kuwa ukuzaji katika Kiswahili hubeba ukubwa na mara nyingine hubeba kejeli.

Ndani ya jumba na chini yake ulikua msamiati ambao haujakusanywa inavyostahili. Boi lilikuwa jina la mtumishi wa nyumbani hata akiwa na wajukuu. Memsahibu lilipita Bara Hindi kabla ya kufika jikoni mwa Kenya. Posho ilikuwa chakula kilichopimwa, na nyapara alikuwa Mwafrika aliyesimama kati ya mkataji mkonge na Mzungu, akichukiwa na mmoja bila kupendwa na mwingine. Kambi, neno la wapagazi wa misafara, lilihamia kwenye safu za vibanda vya wafanyakazi, na hao wakikaa humo mwaka baada ya mwaka ilhali neno lenyewe likiendelea kudai kwamba ni wapita njia. Watu hawa walitoka makabila mbalimbali, wa pande zote mbili za mpaka, na Kiswahili walichokutana nacho hakikuwa cha mashairi. Kilikuwa cha amri, hesabu na malipo, nacho ndicho kilichowawezesha kuoana na kulalamika pamoja.

Turudi sasa kwenye Girigani. Mtu atavutiwa kusema mara moja kwamba ni Grogan lililotamkwa Kibantu. Kiswahili huweka irabu kati ya konsonanti mbili za neno geni, na mara nyingi irabu hiyo huiga ile inayofuata: girisi, buluu. Kwa kanuni hiyo tungetazamia Gorogani. Irabu i mbili za Girigani hazielezwi na kanuni hiyo peke yake, na baada ya somo la Salaita ni vema kutofanya haraka. Lakini jina lolote lililokaa jirani sana na jina la mwenye mali haliwezi kusikiwa bila yeye kusikika ndani yake. Tofauti na jumba lake la Nairobi ni kubwa. Hilo Grogan aliliita Chiromo, akilichukua jina kutoka mahali pa Nyasaland alikopita safarini, na limebaki Chiromo mpaka limekuwa jina la sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kule Nairobi mwenye nyumba ndiye aliyetoa jina. Taveta, matamshi yaliyoshinda ni ya watu wa chini ya kilima.

Gertrude alifariki mwaka 1943, na kwa kumbukumbu yake mumewe alitoa ardhi iliyojengwa hospitali ya watoto Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1947. Grogan mwenyewe alikufa Afrika Kusini mwaka 1967, miaka minne baada ya uhuru. Mashamba yakaingia mikononi mwa wenye mali wapya, miongoni mwao familia ya Criticos yenye asili ya Kigiriki, na Basil Criticos akawa mbunge wa Taveta katika miaka ya 1990: mwenye shamba akiwaomba kura watu ambao baadhi yao walikuwa maskwota. Nyuzi za viwandani zilikuwa zimekwisha kuishusha bei ya mkonge tangu miaka ya 1960. Jumba lilikaa muda mrefu bila matunzo, kisha likatengenezwa kupokea wageni wa kulipia.

Wageni hao hupanda kilima kutazama Kilimanjaro. Chini, mabishano kuhusu nani ana haki ya kulima ardhi iliyokuwa ya Grogan yameendelea hata baada ya Katiba ya mwaka 2010, katika mabaraza na mahakamani, na sehemu kubwa yake huzungumzwa kwa Kiswahili kile kile kilichojifunzwa kambini.