Konokono, bilauri na kichocho cha Maniema

Konokono wa kijitoni akioshwa na kuwekwa peke yake kwenye bilauri ya maji safi juani, huenda asionyeshe lolote kwa saa nzima. Akiwa ameambukizwa kichocho, vitone vyeupe huanza kupanda na kushuka majini. Hadubini huonyesha kwamba kila kimoja kina mwili mfupi na mkia uliogawanyika nchani, na urefu wake haufiki milimita moja. Hizo ni sekaria, zinazopenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayevuka kijito.

Theodor Bilharz aliwaona minyoo wa kichocho wenyewe Kairo mwaka 1851, lakini njia yao ya kuingia mwilini haikujulikana kwa zaidi ya miaka 60. Watafiti Miyairi na Suzuki walimtambua konokono anayewabeba nchini Japani mwaka 1913. Robert Leiper akafanya hivyo Misri mwaka 1915.

Kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, hadubini ilikuwa imeshafika, ila ilielekezwa kwenye damu. Joseph Dutton na John Todd, kutoka Liverpool, walikuwa wakichunguza malale na homa ya papasi. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905 kwa homa hiyohiyo ya papasi. Maji yalisubiri. Mbali zaidi, huko Yakusu karibu na Kisangani, Clement Chesterman alieleza mwaka 1923 kichocho cha utumbo ambacho mayai yake yana mwiba nchani badala ya ubavuni. Fisher alikipa jina la Schistosoma intercalatum mwaka 1934.

Machimbo ya bati yalibadili mambo Maniema. Vijito vilielekezwa upya, mabwawa na mifereji vikachimbwa, na maji yaliyotulia yakawa makazi mazuri ya konokono. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, A. M. Polderman na wenzake walifuatilia kichocho cha utumbo kwenye maeneo hayo ya wachimbaji.

Chupa ya maji hutumika pia kwa upande wa mgonjwa. Choo huchanganywa na maji safi, chupa hufunikwa kwa karatasi nyeusi na shingo kuachwa kwenye mwanga. Mayai yaliyo hai hupasuka, na vijilava, vinavyoitwa mirasidia, huogelea kuelekea nuru. Huishi saa chache tu. Visipompata konokono, hufa. Kikimpata, kimoja huzaa maelfu ya sekaria baada ya wiki nne au tano.

Kwa vijito vya Lusangi huko Maniema, kama kwingineko kwenye bonde la Luama, bilauri moja haitoshi. Hata pale kichocho kilipoenea, konokono wanaotoa sekaria huwa wachache mno kati ya wengi. Kwa hiyo bilauri tupu leo si ushahidi kwamba maji ni salama: hukusanywa konokono wengi, tena kwa misimu tofauti, kwa sababu mafuriko ya masika huwafagia na kiangazi huwarudisha.