Usilaumu Embe Kabla ya Kuuliza Unga: Historia ya Ndizi, Ngano na Ugonjwa wa Siliaki



Msimu wa maembe ukifika, malalamiko hayakosekani. Mtu anakula embe mbili, tumbo linajaa gesi, linanguruma, na jioni anaharisha. Majirani wanasema embe limevundikwa vibaya au limepigwa dawa. Mteja harudi tena mezani kwako. Lakini ni nadra mtu kuuliza yale maandazi mawili na chai ya asubuhi.

Wengi wanaoumwa hivyo wamekula tunda kupita kiasi tu. Wapo wachache wenye ugonjwa uitwao siliaki, na kwao kosa la kulaumu tunda ni kubwa. Mtu anaacha matunda, anaendelea na mkate, na mwili unazidi kuisha. Madaktari wenyewe walihangaika na fumbo hili kwa miaka mingi, na historia yao ina funzo kwetu sisi wa Unguja, kwa sababu katikati yake limo zao tunalolijua sana: ndizi.

London, 1888

Mwaka 1888, mwaka aliofariki Sayyid Barghash hapa Unguja, daktari Samuel Gee wa London aliandika juu ya watoto waliokuwa wakikonda huku matumbo yamevimba. Kinyesi chao kilikuwa kingi, cheupe na chenye harufu mbaya. Gee alisema kwamba kama mgonjwa atapona, atapona kwa chakula. Hapo alipata.

Chakula chenyewe ndicho kilichomshinda. Aliukataza wali, lakini akaruhusu mkate uliokatwa mwembamba na kuchomwa pande zote mbili. Alieleza pia habari za mtoto aliyekuwa akila kome kila siku akanawiri, na msimu wa kome ulipokwisha akarudi kuumwa. Sisi leo tunaona wazi: kome hawana ngano, wali hauna ngano, mkate ndio wenye ngano. Yeye hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Ndizi zilizookoa watoto

Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alitoa taarifa ya watoto 10. Wanane aliwapa chakula ambacho ndizi ndiyo ilikuwa nguzo yake, wakapata nafuu. Wawili ambao hawakupewa walifariki. Sifa za ndizi zikaenea, na kwa miaka mingi hospitali za Marekani zikawa zinawalisha watoto wa ugonjwa huu ndizi mbivu kila siku.

Watoto waliokuwa wanakufa walipona, na hilo si jambo dogo. Ila sababu haikuwa ile waliyoidhania. Haas alikuwa pia amekataza mkate, biskuti, viazi na nafaka zote. Ndizi iliwapa watoto nguvu, na kutokuwepo kwa mkate kukawapa utumbo nafasi ya kupona. Kwa kuwa sifa yote ilikwenda kwa ndizi, wapo walioonekana wamepona, wakarudishiwa mkate, na ugonjwa ukarudi nao.

Mkulima anaijua hali hii. Unaweka mbolea mpya mwaka ambao mvua imenyesha vizuri, mavuno yanakuwa mengi, unaisifu mbolea. Mwaka wa pili mvua inakata ndipo unapojua.

Njaa ya Uholanzi

Jibu lilitoka Uholanzi. Daktari wa watoto Willem Dicke alikuwa ameanza kuushuku mkate tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, vita vilikata chakula na watu wakafika kula vitunguu vya maua. Mkate uliadimika. Watoto wengi walidhoofu, lakini wenye siliaki walipata nafuu. Misaada ya mkate ilipofika, hali yao ikaharibika tena. Dicke alifanya majaribio kwa utaratibu, na mwaka 1950 akaandika tasnifu yake Chuo Kikuu cha Utrecht kuonesha kwamba ngano ndiyo inayodhuru. Muda mfupi baadaye, mwaka 1952, watafiti wa Birmingham walithibitisha kwamba kinachodhuru ni gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike ukiukanda. Shayiri na rai nazo zina protini za namna hiyo.

Basi kwa nini tunda linasumbua?

Ndani ya utumbo mdogo kuna vijinyuzi vingi kama zulia la manyoya. Hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwa mwenye siliaki, kila akila gluteni kinga ya mwili wake inavishambulia vijinyuzi hivyo mpaka vinalala bapa. Hapo hata chakula kizuri hakifyonzwi sawasawa, ikiwemo sukari ya matunda, yaani fruktosi. Sukari hiyo inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachua, gesi inajaa na maji yanavutwa. Matokeo ni tumbo kujaa na kuharisha.

Kwa hiyo tunda linafichua jeraha ambalo unga umelifanya. Mgonjwa akiacha gluteni kabisa, utumbo huanza kupona, kwa wengine ndani ya miezi, kwa wengine huchukua mwaka au zaidi. Wengi hurudi kula matunda bila shida. Wachache hubaki na tumbo lisilopenda fruktosi nyingi, na wao wachague tunda na kiasi.

Sasa turudi Unguja

Usidhani huu ni ugonjwa wa Wazungu tu. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa kwamba zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa Sahara Magharibi walikuwa nao. Upo Uarabuni na India pia, na damu za huko zimechanganyika na zetu kwa karne nyingi.

Ngano hatuilimi hapa kisiwani, huja kwa meli. Lakini leo imeingia kila mahali: boflo, skonzi, chapati, maandazi, sambusa. Hata urojo, rojo lake huwa na unga wa ngano pamoja na embe mbichi. Mtu akiumwa baada ya urojo atasema "embe lile", na unga hautajwi.

Kwa upande mwingine, vyakula vya asili vya kisiwa havina gluteni: muhogo, majimbi, viazi vikuu, shelisheli, ndizi za mkono wa tembo, wali, mtama. Mkate wa kumimina na vitumbua ni vya mchele. Mkate wa mofa wa mtama mtupu pia ni salama. Kile ambacho watoto wa London na New York walikikosa, kipo shambani kwako.

La kufanya

Mimi ni mtu wa shamba, si daktari. Haya ni ya kukusaidia kuuliza vizuri.

1. Mtu anaharisha mara kwa mara, anakonda, damu imepungua hata akinywa vidonge vya madini ya chuma, au mtoto hakui: apelekwe kituo cha afya, na aombe rufaa kama kipimo hakipo. Ataje na unga anaokula, si matunda peke yake.

2. Asiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu cha siliaki kinaweza kutoa jibu la uongo kwa mtu aliyekwisha kuacha.

3. Wakati utumbo unapona, aanze na ndizi isiyoiva kupita kiasi, chungwa, papai au nanasi, kidogo kidogo. Embe, tikiti maji na tende nyingi kwa mkupuo zisubiri. Wakati wa futari, tende moja inatosha kuanzia.

4. Unayeuza krispi za ndizi au muhogo: usikaange kwenye mafuta yaliyokaangiwa maandazi au sambusa. Chembe ndogo za unga zinatosha kumdhuru mgonjwa.

5. Unayesaga unga wa muhogo au ndizi: uliza kama mashine imesaga ngano. Ikiwa imesaga, tafuta nyingine. Usimwambie mteja "hauna ngano" mpaka uwe na hakika.

6. Hoteli za Unguja hupokea wageni wenye ugonjwa huu, na huwatafutia chakula kisicho na ngano. Mchele, muhogo na shelisheli lako vina soko hapo, mradi usafi uwe wa kuaminika.

Haas aliokoa watoto kwa ndizi, na alistahili kushukuriwa. Lakini waliorudishiwa mkate waliugua tena kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza swali la pili. Safari ijayo mtu akikulalamikia tunda lako, msikilize, kisha muulize kwa upole: pamoja na tunda hilo, ulikula nini kingine?