Mwaka Taifa Lilipojiwekea Lengo la Kusoma

Kila ifikapo Januari, wapenzi wa lugha huulizana: mwaka huu utasoma vitabu vingapi? Mmoja husema kumi na viwili, kitabu kimoja kwa mwezi. Mwingine hupaa hadi hamsini. Mwingine hucheka na kusema kwamba atashukuru akimaliza kile alichokianza mwaka juzi. Mimi ni mkazi wa Themi, kata ya Jiji la Arusha inayobeba jina la mto ushukao kutoka miteremko ya Mlima Meru, na ninalo daftari la hesabu ya namna hiyo. Wapo wanaodhani kwamba desturi hii ni ya kuazima, imetufikia kwa simu na intaneti. Katika makala haya napenda kukumbusha kwamba nchi yetu iliwahi kujiwekea lengo la kusoma, tena kwa mwaka wa kalenda na kwa taifa zima. Lengo lile lilifanikiwa kwa sababu fulani, na sehemu ya mafanikio yake ikapotea kwa sababu fulani. Sababu zote mbili zinatuhusu sisi tunaohesabu vitabu leo.

Kisomo ni mkusanyiko

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha pwani, kisomo ni mkusanyiko wa watu wanaosoma pamoja, hasa Kurani na dua, aghalabu kwa ajili ya kumrehemu marehemu. Ahudhuriaye kisomo haulizwi amemaliza kurasa ngapi peke yake. Huulizwa kama alikuwapo. Ilipohitajika istilahi ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, neno hilohilo likapanuliwa: kisomo cha watu wazima, na baadaye kisomo chenye manufaa. Sidhani kwamba walioliteua walikosea. Walichukua neno ambalo tayari lilikuwa na watu ndani yake.

Ushairi wetu nao ulisafiri kwa njia hiyo kabla ya vitabu vya chapa kuenea. Utenzi ulinakiliwa kwa mkono, kisha ukaghaniwa mbele ya wasikilizaji ambao wengi wao hawakujua hati iliyouandika. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi kwa hati ya Kiarabu, na kazi ya mkono wake imehifadhi mengi tunayoyasoma leo. Hakuna pendekezo la kusoma lililo zito kuliko hilo. Mtu hatumii wino wake na siku zake kwa andiko asilotaka mwenzake alisome.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jukumu la kueneza vitabu liliangukia taasisi. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, nayo ilichapisha vitabu na pia kuvisafirisha: masanduku ya vitabu yalipelekwa mbali na miji mikubwa, na wasomaji waliweza kuazima kwa njia ya posta. Shindano lake la uandishi la miaka ya 1957–58 ndilo lililomtoa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye riwaya yake ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliunda huduma ya maktaba ya taifa, na mnamo Desemba 1967 Maktaba Kuu ikafunguliwa Dar es Salaam. Vitabu vilianza kupata nyumba. Wasomaji ndio waliokuwa wachache.

Usiku wa kuamkia 1970

Sensa ya mwaka 1967 ilidhihirisha ukubwa wa kazi: takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka huohuo, hapa Arusha, Halmashauri Kuu ya TANU ilikuwa imekutana na kupitisha Azimio la Arusha. Nyumba ulimofanyika mkutano huo, Kaloleni, leo ni makumbusho. Azimio lilitaka raia wajitegemee, lakini wengi wa raia hao hawakuweza kulisoma kwa macho yao.

Tarehe 31 Desemba 1969, katika salamu za kuukaribisha mwaka, Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alitaja makusudio matatu: kwanza, watu wajitikise na kukataa kuyaona maisha duni kuwa ndiyo majaliwa yao, pili, wajifunze namna ya kuyaboresha, tatu, wazielewe siasa za nchi yao. Na elimu hiyo haikuachiwa walimu wa kuajiriwa peke yao. Kila ajuaye kitu alitakiwa kuwa tayari kumfundisha asiyekijua.

Washairi tukumbuke pia kwamba katika mwaka huohuo wa 1969 ilitoka Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya pili ya tamthilia ya Shakespeare baada ya ile ya Juliasi Kaizari ya mwaka 1963. Afasiriye kitabu anasema kwa vitendo: nimekisoma hiki, nami sitaki kubaki nacho peke yangu. Kwa hiyo aliyeliwekea taifa lengo la kusoma alikuwa mwenyewe msomaji mwenye tabia ya kugawa alichokisoma.

Baada ya mwaka ule wa kwanza, lengo lilipewa mipaka. Wilaya sita, zikiwamo Mafia na Ukerewe, ziliteuliwa ili zifute ujinga wa kutojua kusoma ifikapo mwisho wa 1971. Mwaka huohuo TANU ikaazimia kwamba nchi nzima ifikie hapo ifikapo mwisho wa 1975. Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa kitaifa. Watu wazima zaidi ya milioni tano walikuwa wameandikishwa, na karibu milioni nne kati yao wakaufanya.

Hatua ya nne, na mlango wa uani

Mtihani ule uliwapanga watu katika hatua nne. Aliyehudhuria masomo ipasavyo alikuwa katika hatua ya kwanza hata kama alishindwa mtihani. Aliyetambua herufi na maneno alikuwa katika ya pili. Aliyeweza kusoma na kuandika sentensi fupi na kufanya hesabu nyepesi alifika ya tatu. Wa hatua ya nne ndiye aliyehesabiwa kuwa amehitimu. Huyo aliweza kusoma na kuandika ujumbe, kusoma gazeti ili ajue yanayotokea, kusoma vijitabu vya maarifa ya kilimo na afya, na kuweka hesabu ya mapato na matumizi yake.

Nimelitafakari sana fasili hiyo kama mpenzi wa ushairi. Haitaji hadithi wala shairi. Vitabu vya kufundishia navyo vilihusu pamba, ndizi, uvuvi, ng'ombe, mahindi na tumbaku, kulingana na kazi za watu wa kila eneo. Ndiyo maana kikaitwa kisomo chenye manufaa, na manufaa yalikuwa ya jembe na mfuko. Wapo wanaoona hapo upungufu mkubwa, na wana haki yao.

Hata hivyo fasili ile ilikuwa na mlango wa uani. Ilitaja gazeti, na gazeti la Kiswahili la zama zile lilikuwa na nafasi ya mashairi. Mhitimu aliyelifungua apate habari alikutana na malenga wakiulizana, wakijibizana, wakisutana na kupongezana kwa vina na mizani. Mtihani ulimfundisha kusoma kwa ajili ya mbolea, gazeti likamkabidhi ushairi bila kumwomba ruhusa waziri wa elimu. Malenga ajibuye shairi la mwenzake humpeleka msomaji kulitafuta lile la kwanza. Majibizano ni mapendekezo ya kusoma yaliyovaa vina.

Sauti moja, masikio mengi

Kampeni iliyoonyesha vizuri zaidi nguvu ya kusoma pamoja ni Mtu ni Afya, ya mwaka 1973. Kwa majuma kumi na mawili watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi nchini kote. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefunzwa. Utaratibu ulikuwa mwepesi: kikundi kinasikiliza kipindi cha redio, ajuaye kusoma anawasomea wenzake kijitabu kwa sauti, wanajadiliana, kisha wanakubaliana la kufanya. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, nyasi zikafyekwa kandokando ya nyumba.

Tazama palipo na uzito. Kijitabu hakikuhesabiwa kuwa kimesomwa kwa kuwa mtu amefika ukurasa wa mwisho. Kilihesabiwa kikundi kilipokizungumza na kutenda jambo. Asiyejua herufi hata moja aliweza kukichangia kwa hoja, na ajuaye alilazimika kusoma kwa namna ya kueleweka. Ilikuwa maana ileile ya kisomo cha pwani, imehamia chini ya miembe ya bara.

Lengo linapovuja

Matokeo yalikuwa makubwa. Kiwango cha kutojua kusoma na kuandika kilishuka kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975, 27 mwaka 1977, na chini kidogo ya 10 mwaka 1986. Ni nchi chache maskini zilizowahi kushuka hivyo kwa kasi hiyo.

Lakini sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba walioweza kusoma na kuandika miongoni mwa watu wazima walikuwa chini ya asilimia 80. Vipimo vya zama hizi mbili havilingani, kwa hiyo tusizitoe namba hizo kama mtu atoavyo chenji. Mwelekeo hata hivyo hauna shaka: tulichokipata kilianza kuvuja. Vita dhidi ya Idi Amin vya 1978–79, bei ya mafuta, uhaba wa karatasi na fedha za kigeni, na baadaye masharti ya kurekebisha uchumi vilikausha bajeti ya elimu ya watu wazima. Magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho, lililoanzishwa Mwanza mwaka 1974 mahsusi kwa wasomaji wapya, yalihitaji karatasi na usafiri. Maktaba za vijiji zilihitaji vitabu vipya. Msomaji aliyehitimu akakosa cha kusoma na wa kusoma naye, na ujuzi usiotumika hufifia.

Hapa ndipo ninapoona somo letu. Namba ilimfikisha mtu kwenye mtihani. Baada ya mtihani, kilichomweka katika kusoma ni andiko jipya mkononi na mwenzake wa kulizungumzia. Palipokosekana hivyo viwili, namba haikuweza kumshikilia.

Daftari lenye safu mbili

Kwa sababu hiyo daftari langu lina safu mbili. Ya kwanza inaandika vitabu nilivyosoma. Ya pili inaandika mtu niliyempa kila kitabu, na alichosema alipokirudisha. Sisi majirani wachache wa Themi tumekubaliana kwamba kitabu ambacho safu yake ya pili ni tupu hakijaingia katika hesabu ya mwaka. Lengo langu ni vitabu kumi na viwili tu, kwa kuwa kumpata mtu wa kumfaa kila kitabu huchukua muda kuliko kukisoma.

Kupendekeza kitabu kwa kusema "ni kizuri" hakumsaidii mtu. Useme kinamfaa nani, na kwa nini. Kwa kanuni hiyo nami natoa vitatu.

Kwa vijana wa Meru na Arumeru wasomao Kiingereza: The Meru Land Case, cha Kirilo Japhet na Earle Seaton, kilichotoka Nairobi mwaka 1967. Kirilo Japhet ndiye aliyekwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea Wameru waliofukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki. Tunapita kila siku kando ya historia hii bila kuijua. Mwenye uwezo wa kufasiri na ajitokeze, kwa kuwa ni haki kitabu hiki kisomeke kwa Kiswahili chini ya mlima ule ule.

Kwa mshairi chipukizi anayedhani kwamba vina na mizani humfunga mtu asiseme la moyoni: Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, ya mwaka 1973. Aliitunga gerezani nchini Kenya, mashairi mengine akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Akikisoma kwa sauti, ataona jinsi arudhi ilivyompa mfungwa nafasi ya kusimama.

Kwa anayependa nathari: Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Riwaya yenyewe ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwandishi wake, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Sehemu yake hupita katika mji mdogo wa bara chini ya mlima, na msomaji wa huku atakuwa na la kusema.

Ndugu msomaji, weka namba yoyote uipendayo kwa mwaka huu, hata iwe vitabu vinne. Kisha, kabla hujafungua cha kwanza, andika kando yake jina la mtu utakayempa ukikimaliza.