Kama, la sivyo: kauli ya sharti katika programu

Kauli ya sharti ni agizo linaloitaka kompyuta ipime jambo kwanza, kisha ichague njia kulingana na jibu, kweli au si kweli. Njia moja hufuatwa, nyingine huachwa. Anayefanya kazi katika kituo cha afya huko Lulimba, katika zoni ya afya ya Kimbi-Lulenge, hakosi kulijua jambo hili hata kama hajawahi kuandika programu. Limo katika mwongozo wa PCIME, utaratibu wa kutibu watoto walio chini ya miaka 5 uliotungwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF katika miaka ya 1990.

Mtoto akikohoa, pumzi zake huhesabiwa kwa dakika nzima. Aliye chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, anapumua haraka. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya 12, kikomo ni 50. Kuanzia 12 hadi miaka 5, ni 40. Kwa mwanafunzi wa programu:

kama umri < 2: kikomo = 60
la sivyo kama umri < 12: kikomo = 50
la sivyo: kikomo = 40

Katika lugha ya programu ya Python maneno hayo matatu huandikwa if, elif na else. Lugha ya Fortran ya mwaka 1957 haikuwa na "la sivyo": kauli yake ilitazama kama namba ni hasi, sifuri au chanya, ikaruka hadi mstari uliotajwa. Muundo tuliouzoea ulienea kupitia ALGOL 60.

Kuhusu jina, "sharti" lina kasoro ndogo. "Sharti uende" maana yake ni lazima uende, na mwanafunzi anaweza kudhani kauli ya sharti ni ile isiyoepukika, wakati ni kinyume chake. Hata hivyo nalikubali, kwa kuwa "masharti ya mkopo" yameshatuzoesha maana ya pili. Ninachokataa ni kukiachia kiambishi -ki- kazi ya "kama". "Akikohoa, mhesabie pumzi": ni mara moja, au kila anapokohoa? Katika mazungumzo hakina shida, lakini kwenye programu la kwanza ni sharti na la pili ni kitanzi, yaani agizo linalorudiwa.

Sasa mpangilio. Kompyuta husoma kutoka juu. Ikikuta sharti lililo kweli, hutekeleza agizo lake na kuyaruka yote yaliyounganishwa chini yake. Mwanafunzi akitanguliza umri < 12, mtoto wa mwezi 1 atapewa kikomo cha 50, kwa maana 1 ni pungufu ya 12. Mstari wa miezi 2 hautafikiwa kamwe, na kompyuta haitalalamika. Alama nayo ina uzito: ukiandika <= badala ya <, mtoto wa miezi 12 kamili atahesabiwa pamoja na wachanga.

Kosa kubwa zaidi ni kuunganisha yasiyopaswa kuunganishwa. PCIME humtaka muuguzi aulize juu ya kikohozi au shida ya kupumua, kuhara, homa na maradhi ya sikio, yote manne, kwa kila mtoto aliyefikisha miezi 2. Anayeanza huandika: kama ana kikohozi, fanya hili, la sivyo kama anahara, lile, la sivyo kama ana homa, pima malaria. Mtoto mwenye kikohozi na homa ataishia kwenye kikohozi, na kipimo cha malaria hakitafanywa. Hapo zinatakiwa "kama" nne zinazojitegemea. "La sivyo kama" ni ya mambo yasiyoweza kutokea pamoja, kama umri: hakuna mtoto mwenye mwezi 1 na miezi 20 kwa wakati mmoja.

Dalili za hatari, kama degedege, kutapika kila kitu au kushindwa kunyonya, hutazamwa kabla ya hayo manne, na programu iziweke juu vilevile.

Kisha kuna "la sivyo" ya mwisho, inayopokea chochote kilichobaki, pamoja na kisichotarajiwa. Anayejaza umri akikosea akaandika miezi 200, programu yetu itatoa kikomo cha 40 bila kusita. Pakiachwa 0 kwa sababu umri haujulikani, itatoa 60, na mtoto wa miaka 3 mwenye pumzi 48 ataonekana mzima. Afadhali kuongeza sharti juu kabisa: kama umri haukuandikwa, muulize mama.